Nilisema Piga Tu, Sikusema Sambaza

Nyumba za Watumishi,
Nyuma ya Zahanati.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Jicho,

Pokea salamu za dada yako aliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukataka kupinda. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi chako cha baridi kimepoa, au bado unabweka mpaka majirani wanadhani umefuga mbwa? Na je, unakula? Nauliza kwa sababu nakujua. Ukiwekewa sahani ya chakula na mashine ya kuchapisha picha, utaanza na mashine, chakula kitapoa mpaka kikukatie tamaa. Kula, mwanangu. Huko hakuna dada wa kukufunikia sahani.

Sisi huku hatujambo, tunashukuru Mungu tunapumua. Shemeji yako yupo na kazi yake ya ufundi. Sebule imejaa mafriji ya watu yasiyogandisha, tunapita ubavu ubavu kama kaa, na kila ninapomuuliza hili litaondoka lini ananijibu "kesho." Wapwa zako wazima. Mkubwa amevunja jino la mbele akicheza mpira, na mdogo naye sasa anataka avunje lake ili wafanane. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Haya, nimesalimu kwa adabu kama tulivyolelewa. Sasa nisikilize, na usifanye ile tabia yako ya kusoma barua kuanzia chini kwenda juu. Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Nimekutumia ujumbe, alama zimegeuka rangi, maana yake umesoma, halafu kimya. Umesoma, mdogo wangu! Mtu aliyelala kweli nitamwamsha, lakini anayejifanya amelala nitamwamshaje? Ndiyo maana nimeshika kalamu. Rafiki wa shemeji yako anasafiri kesho kutwa kuja huko, na nimemwapisha akukabidhi barua hii mkononi, asimwachie mtu wa mapokezi kazini kwako, na asiondoke mpaka aone umeifungua.

Sina amani. Tangu mwezi uliopita roho yangu iko juu juu. Nakula matonge mawili nasukuma sahani, na wewe unajua mimi na chakula tulivyo, kwa hiyo ujue kuna jambo.

Lilianza asubuhi moja nikiwa kwenye mizani ya watoto. Mama mmoja kwenye foleni akanipa mkono akaniambia hongera nesi, dawa yako inasifika. Nikamuuliza dawa gani? Akacheka, akidhani najifanya mnyenyekevu, akatoa simu yake akanionyesha. Mungu wangu! Nikajikuta natazamana na mimi mwenyewe.

Picha yenyewe unaijua. Ni ile ya asubuhi uliyokuja zahanati kuniaga kabla hujasafiri. Nimevaa sare, kofia imekaa upande, nimeinua kile kikombe kidogo cha kupimia dawa, nakutania ufungue mdomo, nacheka mpaka magego yanaonekana. Picha nzuri, sikatai. Sijawahi kutoka vizuri namna ile maishani mwangu. Kwenye kitambulisho changu nafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Lakini katika lile tangazo kikombe wamekifuta. Mkononi wamenipachika chupa ya kijani, na chini yake wameandika kwa herufi nene kwamba Nesi Mkuu anashauri: matone haya hutuliza tumbo la mtoto tangu siku ya kwanza ya kuzaliwa. Nesi Mkuu! Wakubwa zangu wameshindwa kunipandisha cheo miaka yote hii, wenye chupa wamenipandisha kwa siku moja.

Nitakwambia ukweli, mwanzoni nilicheka. Wenzangu kazini wakawa wananipigia saluti. Jirani yetu mshona viatu akaniuliza nimelamba donge gani, na mbona bado navaa viatu vilevile anavyonitilia soli kila mwaka. Nikawaambia nimeibiwa uso, wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilidhani ni upuuzi wa mtandaoni, utapita wenyewe.

Mama ndiye aliyenimaliza. Aliliona tangazo kwenye simu ya jirani, akaanza kutembea nyumba kwa nyumba na magoti yake hayohayo, akitangaza kwamba mwanawe sasa ni Nesi Mkuu. Nilipomwambia Mama, acha, huo ni uongo, aliniangalia akasema, "Uongo gani na wewe, wakati uso ni wako?" Swali hilo nimetembea nalo mpaka leo.

Kisha kicheko kikakatika. Aliletwa mtoto wa fundi cherehani. Unamkumbuka yule binti mwenye kibanda karibu na lango la soko, ndiye aliyekupunguzia suruali yako ya safari. Amejifungua, mtoto wake wa kwanza, kichanga ambaye hata shingo haijakaza. Alifika amelegea, hanyonyi, macho yanafunguka nusu na kufumba. Kwenye mizani nilikuwa mimi. Nikamuuliza mama yake amempa nini, na binti wa watu akanikazia macho kwa mshangao. "Si ile dawa yako, nesi?" Akaitoa kwenye mkoba. Chupa ya kijani.

Sikumbuki nilivyomnyakua yule mtoto, nakumbuka tu nakimbia naye kuelekea kwa daktari na mama yake yuko nyuma yangu analia, anauliza amekosea nini. Walimpeleka hospitali kubwa siku ileile. Huko walisema ndani ya matone mna kitu cha kulaza usingizi, kisichofaa hata kwa mtu mzima bila kuandikiwa. Siku zile simu ikilia, moyo unanilipuka. Mungu ashukuriwe, mtoto yu hai na ameanza kunyonya tena. Lakini wodini bado wamemshikilia, uzito unapanda kidogo na kushuka, na mimi siwezi kwenda kumpima.

Siwezi kwa sababu nimesimamishwa kuhudumia wagonjwa. Matroni aliniita ofisini, akafunga mlango, akazungumza nami kwa upole, na upole wa matroni ndio ulionitia hofu, maana siku za kawaida anatugombeza mpaka kuta zinasikia. Alitaka kujua kama niliruhusu picha ile, na kama kuna kitu nilipokea. Wewe si mtu wa kazi hii, kwa hiyo nikueleze: muuguzi haruhusiwi kuitangaza dawa yoyote kwa biashara, hata ya kikohozi. Akithibitika amefanya hivyo, anavuliwa leseni. Na mimi ninaonekana nimetangaza sumu kwa vichanga. Kwa sasa wameniweka chumba cha mafaili, napanga majalada kwa herufi na kusikia watoto wakilia upande wa pili wa ukuta kila wanapochomwa sindano. Kwa kilio tu najua nani kachomwa vibaya. Baraza la wauguzi litanisikiliza Alhamisi, tarehe ishirini na saba ya mwezi huu.

Usidhani nimekaa mikono kifuani. Mimi na shemeji yako tulikaa na simu tukaingia pale mtandaoni mahali pa kulalamikia matangazo. Swali la kwanza kabisa: je, wewe ndiye mwenye picha? Ebo! Mwenye picha ni nani kama si mimi? Pua yangu, meno yangu, kofia yangu iliyokaa upande! Nikajibu ndiyo kwa hasira. Wakataka niwatumie picha halisi kama ilivyotoka kwenye kamera. Sina. Nilicho nacho ni ile uliyonirushia kwenye simu, imepungua na kufifia. Wakanijibu kwamba sijathibitisha kuwa picha ni yangu, tangazo likabaki. Nililia, mdogo wangu. Mtu ana uso wake mwenyewe, anaambiwa authibitishe.

Ndipo nikaenda ofisi ya msaada wa kisheria. Nilipokewa na mwanasheria, mama mmoja mfupi, sauti kama kengele, meza yake haionekani kwa makaratasi. Nikamweleza kwamba nimekataliwa picha yangu. Akaniuliza, yako kwa kuipiga, au yako kwa kupigwa? Akasema lugha yetu inatuchezea hapo. Tukisema "picha yangu," tumewatia watu wawili kwenye neno moja. Aliyeipiga ndiye mwenye ile kazi, yeye ndiye anayeweza kuruhusu au kukataza isinakiliwe. Aliyepigwa ndiye mwenye sura, na sura ya mtu haichukuliwi ikauzia bidhaa mpaka yeye mwenyewe akubali. Ni ruhusa mbili, na mmoja hawezi kuitoa ya mwenzake. Nikamwambia basi mimi, mama, nimepigwa kwelikweli: mdogo wangu kanipiga picha, wenye chupa wakanipiga hivihivi mchana kweupe. Alitabasamu kidogo tu, akaendelea kuandika.

Akauliza kama niliridhia kupigwa. Niliridhia. Akataka maneno yenyewe niliyotamka siku ile. Nikayatafuta kichwani, nikayakuta ni mawili. Uliinua kamera, mimi nikasema, "Piga tu." Akauliza, "Basi? Hakuna zaidi?" Nikamwambia hakuna zaidi. Nilikuwa na foleni mlangoni na mdogo wangu anasafiri, ningesema nini zaidi? Akaweka kalamu chini.

Kuna namna ya kuipa mashine picha, ikazunguka mtandao mzima na kukuonyesha ilipo. Akafanya hivyo mbele yangu. Nilitegemea kumwona mwizi. Nilitaka sana kumwona huyo mwizi, nilikuwa nimeshamwandalia matusi. Ikafunguka tovuti ya picha za bure, mtu yeyote anachukua anachotaka. Nikajiona, na kikombe changu mkononi, kabla hawajanifutia. Na chini yake jina: Jicho.

Pembeni palikuwa na sentensi fupi. Ilisema mpiga picha amethibitisha kwamba anayeonekana pichani ameridhia itumike kwa biashara yoyote. Niliisoma kwa sauti, nikairudia polepole nikidhani macho yangu yamechoka. Mwanasheria akaniuliza huyu Jicho ni nani. Nikamwambia ni mdogo wangu, tumbo moja. Akanisogezea kiti karibu na dirisha.

Usianze kujitetea kabla sijamaliza, nakuona unavyokunja uso. Nimewaza sana juu ya jambo hili, na sikuwaza kwa ubaya. Najua wapiga picha wanaweka kazi zao pale ili waonekane, pengine mtu akapita, akapenda, akawaita kazini. Ulikuwa mgeni huko, hujui mtu, na ulitaka watu wajue una jicho. Hilo silo kosa. Na visanduku vile vya kukubali, nani anavisoma? Mimi mwenyewe nimeshakubali mambo kwenye simu hii ambayo nikisomewa leo nitazimia.

Lakini nilisema piga tu. Sikusema sambaza. Sikusema mpe muuza chupa. Ile "ndiyo" uliyoibonyeza ilikuwa yangu, Jicho, na hukuniuliza. Ungeniuliza pengine ningesema ndiyo, kwa ujinga wangu na kwa kukupenda, na leo tungekuwa tunalia wote wawili. Lakini ungekuwa umeniuliza.

Kinachonitafuna ni swali moja, na ndilo nililokuwa nakupigia simu niulize. Uliisoma ile sentensi ukaikubali, au ulibonyeza tu kama tunavyobonyeza sote? Na ulipoona tangazo, maana najua umeliona, mbona ulinyamaza? Nikifika hapo katika mawazo, nasimama. Sitaki kwenda mbele bila wewe kunijibu.

Ijumaa nilikwenda wodini. Nilipita mlango wa nyuma kama mdaiwa. Fundi cherehani alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamtengenezea mtoto kofia kwa mkono, mshono kwa mshono, cherehani ameiacha kibandani. Nikamweleza yote. Kwamba ile chupa ilipachikwa, kwamba sikuwahi kuishika wala kuitamka, kwamba mimi ndiye wa kwanza kuikimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nesi, mimi sikuiamini chupa. Nilikuamini wewe." Aliyasema bila ukali wowote, halafu akaendelea na kofia yake. Laiti angenitukana! Matusi ningeyabeba, lakini hilo sijui pa kuliweka.

Baba mdogo amekuja hapa mara kadhaa tangu asikie. Anasema funika kombe mwanaharamu apite. Anataka niseme mbele ya baraza kwamba simu yangu iliibwa picha na mtu nisiyemjua, na mpiga picha hakumbukwi. Hoja yake ni kwamba mimi niko nyumbani, kazi ikifa sitakosa kibarua na mume ninaye, ila wewe huko ukitajwa, mwajiri wako atakufukuza, nani atampa kazi ya picha mtu aliyedanganya ridhaa ya dada yake? Na baba wa yule mtoto akiamua kushitaki, ataanzia kwa mwenye jina lililoandikwa pale. Damu nzito kuliko maji, ananiambia, akigonga fimbo yake sakafuni. Nikamjibu, baba mdogo, chini ya kombe hili unaloniambia nifunike yumo mtoto. Akanuna, akaondoka bila kuaga.

Shemeji yako, unamjua, maneno kwake ni kama vipuri, hayatumii ovyo. Jana alikuwa amelala chali chini ya friji, akasema kutoka hukohuko chini, "Wewe ukidanganya baraza, watakuwa wamekupachika chupa ya pili." Basi. Akaomba nimpe bisibisi.

Nami naogopa, mdogo wangu. Sitaki kukuficha. Naogopa kuvuliwa leseni, maana sijui kazi nyingine na sitaki kujua. Naogopa nikikutaja utapotea, hutapokea simu yangu tena, na Mama ataniuliza mdogo wako yuko wapi nami nitakosa la kumjibu. Naogopa pia yale yanayoendelea sasa hivi. Tangazo bado linatembea. Leo Jumapili, mimi nikiandika hapa juu ya friji la mtu, yuko mama mahali fulani amembeba mtoto anayelia, anautazama uso wangu na kuamini.

Kwa hiyo kuna mambo nayahitaji kutoka kwako, na ni wewe peke yako duniani unayeweza kuyafanya. Iondoe ile picha pale ulipoiweka. Najua maji yakimwagika hayazoleki, walioichukua wameshaichukua, lakini bomba lifungwe. Kisha walalamikie wenye mtandao wewe mwenyewe, kama mpigaji, ukiwa na picha halisi mkononi. Mimi wamenikataa, wewe watakusikiliza. Mwanasheria anasema neno lako ndilo litakaloliondoa tangazo upesi kuliko barua zake zote. Na uniandikie, au unitumie hata kwa simu, maneno yako kamili: kwamba ulinipiga picha wewe, na kwamba sikuulizwa kama itumike kwa biashara. Yawe ya kweli, usiyapambe. Kama uliisoma ile sentensi, sema uliisoma. Kama hukuisoma, sema hukuisoma.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia baba mdogo, na shemeji yako nadhani amelijua kwa kunitazama tu. Alhamisi ile nitasimama mbele ya baraza, na wakiniuliza ni nani aliyenipiga picha, nitakutaja. Sitasema Jicho. Nitasema jina lako kamili, lile Mama alilokupa. Nimekukingia kifua maisha yako yote, mengi hata huyajui, na ningekukingia na hili kama lingekuwa letu wawili. Siyo letu wawili. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na safari hii angelia mtoto wa mwenzangu.

Nakuambia mapema ili ulisikie kutoka kwangu, usilisikie kwa watu. Na pia kwa sababu muda bado upo. Maneno yako yakifika kabla ya tarehe hiyo, utakuwa umejitaja mwenyewe, nami nitayasoma tu. Watakuona mtu aliyekosea akasema. Yasipofika, nitakutaja mimi, na sauti yangu itatetemeka, lakini nitamaliza.

Mama anakusalimu sana. Hajui bado kama picha ile ni wewe uliyeipeleka huko. Anajua tu uliipiga, na kila mgeni akiingia anamwambia ni mkono wa mwanawe wa mwisho. Nimeshindwa kumwambia. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukipata baridi kali huko umtumie kidogo, apumzishe mafriji. Wapwa zako wanakusalimu na wanauliza kama na wewe ulivunja jino ulipokuwa mdogo. Baba mdogo amenuna, lakini na yeye anakusalimu, hata kama hajasema. Wasalimie wote unaoishi nao, hasa yule mama mwenye nyumba aliyekupa blanketi siku uliyofika, mwambie nimemshukuru.

Mungu akuondolee kikohozi, akulinde barabarani, akupe moyo thabiti wa kusema kweli na kidole chepesi cha kupokea simu. Asikuache peke yako siku utakayosoma barua hii.

Ni mimi dada yako nikupendaye leo, na Alhamisi pia.